Kuchuja stakabadhi za korosho: mstari mmoja ulioondoa kukwama

Msimu wa korosho, chama chetu cha msingi hapa Newala hutumia programu ndogo ya Python kuchuja stakabadhi: nani ameshalipwa baada ya mnada, nani bado. Ilikuwa inakwama mpaka foleni inarefuka, na mkulima anayedai jasho lake hastahili kusubirishwa na kompyuta.

Nilianza kwa kupima kwa timeit, chombo cha Python cha kupima muda. Njia tatu za kuchuja, yaani kitanzi cha kawaida chenye append (kuongeza kimoja kimoja), filter (kichujio cha Python) yenye lambda (kitendaji kidogo kisicho na jina), na orodha inayoundwa ndani ya mabano ya mraba (list comprehension), zilipishana kidogo tu. Ya mabano ilitangulia, kwa kuwa filter huiita lambda upya kwa kila kipengele.

Tatizo lilikuwa kwenye sharti lenyewe la kuchuja: je, namba hii imo kati ya zilizolipwa? Namba za waliolipwa zilikaa kwenye orodha, na Python ikiulizwa kama namba fulani imo, huzipitia moja moja tangu mwanzo. Chukulia stakabadhi 20,000, zilizolipwa 15,000. Zile 5,000 zilizobaki peke yake zinaleta ulinganisho milioni 75, maana namba isiyomo hulazimu orodha isomwe mpaka mwisho!

Nikaongeza mstari huu kabla ya kuchuja:

waliolipwa = set(waliolipwa)

Seti hutumia heshi (namba inayokokotolewa kutoka kwenye thamani ili kuonyesha mahali pake), hivyo kwa kawaida huenda moja kwa moja mahali namba inapopaswa kuwa, hata ziwe nyingi vipi. Tafadhali, mstari huo ukae nje ya kitanzi. Ukiwa ndani, seti hujengwa upya kila mzunguko na kazi inazidi kuwa nzito.

Sasa majibu yanatoka papo hapo. Orodha fupi ya wajumbe wa bodi nimeiacha ilivyo, hapo hakuna cha kuokoa.