Dumu la Mama na Sufuria Kavu

Wakamuaji wadogo wa mawese walitoka Kigoma kwa treni kupitia Tabora, kila mmoja na dumu lake la lita 20, wakakusanyika kwenye karakana moja Nyakato, Mwanza, panapochomelewa mashine za kukamulia. Tuliwaita watuambie wanataka kufundishwa nini. Waandaaji wa mafunzo walishakuja na jibu lao: utunzaji wa hesabu, masoko, mikopo. Wakamuaji nao walitaka mashine kubwa zaidi. Ubao ukajaa mashine.

Mnunuzi mmoja, aliyezoea kulanguliwa mafuta mabovu, akaomba jiko la mkaa na sufuria kavu. Akamimina kijiko cha mawese kutoka kila dumu. Mafuta yaliyokauka vizuri huyeyuka kimya. Yenye maji hulia na kuruka. Ya mama mmoja mtu mzima yalilia mpaka waliokaa mbele wakasogeza viti.

“Mama, haya yana maji.”

“Maji gani, baba? Nimeyaengua juu mwenyewe.”

Ni kweli aliyaengua, na wengi huishia hapo. Ukishakamua, unatia maji ya moto, unachemsha, unaacha yatulie, mafuta yanapanda juu. Lakini yaliyoenguliwa bado yana maji ndani. Lazima yarudi peke yake kwenye moto mdogo mpaka mapovu yakome. Moto ukizidi, wekundu unapauka, na mnunuzi wa mawese hununua kwa macho kwanza.

Dumu jingine halikulia, ila lilinuka uchachu. Tukamuuliza mwenyewe mikungu ilikatwa lini. Ilikatwa Jumatatu, chikichi zikapikwa Jumamosi. Simlaumu: kupukuchua mkungu mbichi ni kazi ya miba, na ukiufunika siku kadhaa chikichi zinaachia zenyewe. Shida ni kwamba chikichi ikishapondeka, kimeng’enya kilichomo ndani yake huanza kuyavunja mafuta kuwa asidi, na joto la kupika ndilo linalokizima. Kwenye biashara ya kimataifa, mawese ghafi hutakiwa yasizidi asilimia 5 hivi ya asidi huru. Mtengeneza sabuni atayachukua yenye zaidi, kwa bei yake. Njia ya katikati ipo: pasua mkungu kwa shoka, funika vipande usiku mmoja, pukuchua, pika.

Kisha tukasogea kwenye kikamulio cha parafujo kilichokuwa hakijapakwa rangi. Fundi alieleza kwa nini vingi hurudishwa kwake vimepinda. Watu hutwanga chikichi, wanapiga soga, rojo linapoa. Rojo lililopoa hung’ang’ania mafuta kwenye nyuzi, basi vijana wawili wananing’inia kwenye mpini. Chuma kinapinda, kokwa zinapasuka, vipande vya mise, yaani kiini cha kokwa, vinaingia kwenye mawese. Rojo la moto linahitaji mkono mmoja tu. Akaonya pia juu ya bomba la shaba kwenye pipa la mafuta, maana shaba huharakisha mafuta kuharibika. Hilo sikulitarajia kutoka kwa mchomeleaji.

Mashine kubwa ikashushwa chini kabisa ya ubao. Juu ikaandikwa: siku ya kukata na siku ya kupika. Waandaaji wakakubali, mradi mafunzo yafanyike Mwanza, ukumbi ulishalipiwa.

“Na chikichi mtazileta kwa treni?” mama akauliza. “Si zitafika zimeshachacha?”

Mafunzo yakahamishiwa Kigoma, wakati wa msimu. Hesabu zilipewa saa za baada ya chakula cha mchana, ambazo hakuna aliyezigombea.