Nilianza na mananasi, nikarudi kwenye mraba

Mama yangu alikuwa na vitambaa vya makochi vyeupe, vya kufuma kwa mkono, vyenye mananasi pembeni. Vilikuwa vikifuliwa, vinatiwa wanga, vinapigwa pasi, kisha vinarudi kwenye makochi vikiwa vimekakamaa na kung'aa. Nilipoanza kujitegemea hapa Morogoro, kitu cha kwanza nilichotaka ukumbini ni vitambaa kama vile, na nilitaka nivifume mwenyewe.

Kwa hiyo nilinunua uzi ule ule aliotumia mama, mweupe na mwembamba kama wa kushonea, na sindano ya kroshia ya chuma ambayo ndoano yake lazima uisogeze karibu na jicho ndipo uione. Maelekezo niliyachapisha dukani kwa jamaa wa stationari. Namna ya kupiga dabo, aina ya kitanzi iliyotajwa kwenye maelekezo, nilijifunza kwenye video, usiku, watoto wakishalala. Baada ya wiki mbili nilikuwa na duara lenye ukubwa wa kisosi, ila halikulala mezani. Lilijikunja pande zote likawa bakuli. Nililitia kwenye mfuko pamoja na sindano, nikalisukuma juu ya kabati, na likakaa huko karibu mwaka mzima. Iliniuma sana, maana nilijua mikono ya mama ilitokea wapi, nikaamini yangu imekosa urithi.

Mama mdogo alipokuja kutoka Tanga ndiye aliyeushusha ule mfuko. Alilishika bakuli langu, akaligeuza, akaomba ile karatasi ya maelekezo. Aliisoma akicheka kwa upole. "Mwanangu, hii ni ya Uingereza. Dabo yao ndiyo singo ya Wamarekani, na wewe umepiga dabo ya Wamarekani."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa majina ya Wamarekani, singo ni kitanzi kifupi, kwa hiyo duara lake hukua kwa vitanzi 6 tu kila mzunguko: 6, 12, 18, 24. Dabo ni ndefu mara mbili, na duara lake linataka nyongeza ya 12. Mimi nilikuwa napiga dabo ndefu huku naongeza sita sita. Ukingo ukakosa nafasi, ukasimama wima. Ukifuata video, tazama kwanza mwalimu ni wa wapi, au angalia mkono wake badala ya kusikiliza jina analotaja.

"Lakini hata ungesoma sawasawa ungeteseka," akaendelea. "Macho yanatafuta tundu, kidole kinatafuta uzi, kichwa kinahesabu. Mambo matatu kwa mpigo. Tafuta kitu kitakachokuachia jambo moja tu la kufikiria."

Tukaenda sokoni. Nilivutiwa na uzi mweusi, akanirudishia kwenye shelfu: kwenye weusi huoni sindano inaingia wapi. Ule wenye manyoya nao akaukataa, kwa sababu ukikosea na kutaka kufumua, manyoya yanashikana na huwezi. Tulichukua uzi wa pamba, mnene, rangi ya krimu, na sindano ya milimita 5. Nilipotaja kofia ya mtoto akasema kofia ni duara tena. Skafu ni rahisi lakini ni ndefu, na kwa joto la huku nani ataivaa? Tukakubaliana kitambaa cha kushikia sufuria. Ni mraba, ni kidogo, kinakwenda mbele na kurudi, na ni lazima kiwe cha pamba kwa sababu nyuzi za plastiki zikigusa sufuria ya moto zinayeyuka.

Nilipiga cheni 26, yaani mnyororo wa vitanzi vya kuanzia, nikaruka moja, nikapata singo 25 za mstari wa kwanza. Mwisho wa mstari cheni moja, geuza, rudi. Mistari ya mwanzo ilikaza hadi sindano haipiti. Mama mdogo akanigusa mkono: "Usiukabe uzi, uache utembee." Nikauzungusha kwenye kidole kidogo, ukaanza kuteleza vizuri.

Mstari wa tisa nikaona kitambaa kinapungua kama kiuno. Nikahesabu: 19. Vitanzi sita vimekwenda wapi? Vilikuwa vimejificha pembeni. Singo ya mwisho ya kila mstari huegemea ile cheni ya kugeuzia, na jicho lisilozoea linadhani mstari umekwisha. Akanipa pini mbili za kubania nguo: moja kwenye singo ya kwanza ya kila mstari, nyingine kwenye ya mwisho. Nikifika kwenye pini, nafuma pale pale ilipo, kisha naihamishia juu. Nilifumua mara mbili. Mara ya tatu, jioni ya tatu, nilipata mraba wenye 25 chini na 25 juu.

Kimoja peke yake hakitoshi kwa sufuria ya maharage inayotoka motoni, joto linapenya. Nikafuma cha pili, nikaviunganisha kwa singo kuzunguka pande zote nne, kila kona singo tatu ili isijikunje. Hicho ndicho ninachotumia mpaka leo, kimeshafuliwa mara nyingi na kimebaki mraba.

Baada yake nilifuma kofia kwa uzi huo huo mnene, sita sita, nikaipenda. Halafu duara la dabo, 12, 24, 36, likalala mezani.

Mwezi uliopita nilishusha tena mfuko wa juu ya kabati. Nilivuta ncha ya lile bakuli, likafumuka lote, nikauviringa uzi ukawa donge. Nikakaa dirishani kwenye mwanga wa asubuhi, nikapiga dabo 12 za kwanza kwa ile sindano ya chuma.