Kiraka nyuma ya kabati

"Mbona hapa pana kiraka?"

Tulikuwa tumelisogeza kabati ili tupake rangi upya. Mwanangu alinyoosha kidole penye mraba wa dhahabu iliyokolea, mpana kama kitabu kilichofunuliwa. Nilikuwa nimeusahau kabisa.

Rangi ya kwanza ya chumba hiki aliichagua mama, enzi macho yake yote mawili yalipokuwa na mtoto wa jicho. Alitaka ukuta wenye joto, kama jua linapokaribia kuzama. Nikapiga mikono mitatu badala ya miwili, maana rangi nyingi za manjano hazifuniki vizuri, za chini huchungulia. Ilipokauka nilishtuka. Kwenye kadi ya sampuli za rangi ilikuwa pole. Chumbani iliwaka, kila ukuta ukimrushia mwenzake mwanga. Mama akasema imetulia, ndiyo hasa aliyoitaka.

Kisha akapasuliwa jicho la kulia.

Siku aliyotolewa bandeji aliingia, akasimama katikati ya chumba, akaliziba jicho la kulia kwa kiganja. Akaangalia. Akahamisha kiganja kushoto. Akarudia tena na tena, taratibu, na mimi nimesimama mlangoni nimeushika mkoba wake.

"Jicho hili naona asali," akasema. "Hili naona alizeti."

"Ukuta ni ule ule, mama."

"Najua ni ule ule. Nakuuliza, wangu ni upi?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Baadaye nilielewa kilichotokea: lenzi ya jicho lenye mtoto wa jicho hugeuka njano, hata kahawia, ikauzuia mwanga wa buluu; ikitolewa na kuwekwa ya bandia iliyo safi, dunia hubadilika rangi. Mchoraji Claude Monet alipasuliwa jicho mwaka 1923, naye alisumbuka sana na rangi baada ya hapo. Lakini kuelewa sababu hakukumrudishia mama ukuta wake.

Kwa hiyo nikaanza kuchanganya. Nilichukua rangi iliyobaki, nikaitia oka, ile ya udongo wenye chuma, na kahawia tone kwa tone. Nikapaka mraba mdogo, nikasubiri ukauke, kwa sababu rangi mbichi hudanganya, kisha nikamwita. Aliangalia ukuta kwa jicho la zamani, mraba kwa jicho jipya. "Bado." Nikapaka juu yake. "Umepitiliza." Tulishinda hivyo siku tatu, na sidhani kama tuliwahi kukaa karibu namna ile tangu nilipokuwa mdogo. Siku ya tatu jioni akakiondoa kiganja, macho yote mawili wazi, akaugusa mraba kwa ncha za vidole.

"Basi. Hapo hapo."

Tulipanga kupaka chumba kizima baada ya jicho la pili. Likapasuliwa, likapona. Nilipomkumbusha, aliutazama mraba kwa muda mrefu, akasema tuache kwanza. Sikumuuliza zaidi. Huenda aliipenda alizeti. Huenda hakuwa tena na jicho la kulinganishia, akaogopa kuniambia. Kabati likasogezwa pale, miaka ikapita, naye akaondoka.

Mwanangu anangoja, rola mkononi.

"Ni rangi ya bibi yako," nimemwambia.

"Tupake juu yake?"

Tumepaka kuta tatu. Huu wa nne bado.