Nilitibu vidonda vya tumbo, kumbe ni kichocho

Miaka miwili nilimeza dawa za vidonda vya tumbo. Tumbo likijaa na kuuma upande wa kushoto, naenda duka la dawa, napewa vidonge, na juu yake diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa ajili ya mgongo, maana kazi ya dagaa ni kukesha na kuvuta nyavu. Choo kilipokuwa cheusi kama lami nilidhani ni chakula. Usiku mmoja kambini kwetu Ukerewe nikatapika damu, karibu nusu beseni. Kulipokucha mke wangu na shemeji wakanipandisha meli Nansio, na jioni nilikuwa Mwanza, hospitalini juu ya kilima cha Bugando, natundikiwa damu.

Pale ndipo wanapofundishiwa madaktari wa CUHAS, chuo kikuu cha afya, kwa hiyo asubuhi kitanda changu kilizungukwa na watu. Binti mmoja mwanafunzi akaniamkia, "Shikamoo baba," akaomba ruhusa kunigusa tumbo, akaipapasa bandama yangu hadi karibu na kitovu. Halafu akauliza, "Baba, unaoga wapi?" Ziwani, nikamjibu, tangu nizaliwe. Kuoga, kufua, kuosha nyavu, yote ni humo humo. Daktari aliyekuwa anawafundisha akasema hilo ndilo swali lililotakiwa.

Nilibisha. Sijawahi kukojoa damu hata siku moja! Daktari akavuta kiti. Akasema kichocho cha mkojo ni kingine. Huku ziwani tunaumwa zaidi kichocho cha tumbo. Vijidudu hutoka kwa konokono wadogo wa ufukweni, vikapenya ngozi. Minyoo ikikomaa hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo na kutaga. Mayai mengine hutoka na choo, mengine husombwa na damu hadi kwenye ini na kuacha makovu. Damu ikikosa njia ya kupita kwenye ini inarudi nyuma, bandama inavimba, na mishipa ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni, inatuna mpaka mmoja unapasuka. Na ile diklofenaki niliyokuwa namwagia tumboni ilikuwa hatari kwa mtu mwenye hali yangu.

Siku hiyo hiyo nikapelekwa kwenye kamera. Nilikuwa sijala kitu, wakanipulizia dawa ya ganzi kooni, nikang'ata kitu kama pete ya plastiki, mpira wenye kamera ukashuka kooni. Unakera, unatapisha, lakini ukipumua polepole kwa pua unavumilika. Mishipa ilikuwa minne. Waliifunga kwa vipira vidogo, kama unavyofunga mdomo wa mfuko, ili inyauke yenyewe.

Kazi kubwa ilikuja baadaye, nami nawasihi wenzangu mliofungwa vipira msiikwepe. Mara moja haitoshi. Nilirudi kila baada ya wiki tatu, mara nne, na kila safari ni nauli na siku bila kuvua. Niliuza nyavu moja. Siku za mwanzo nilikunywa uji na mtori tu. Ugali mgumu na miiba ya samaki niliviweka kando. Prazikwanteli, dawa ya kuua minyoo ya kichocho, walinipimia kwa kilo zangu damu ilipotulia. Propranolo, dawa ya kupunguza msukumo wa damu kwenye mishipa ile, nameza kila siku, na sithubutu kuiacha ghafla. Mgongo ukiuma natumia kidogo parasetamo niliyoruhusiwa na daktari.

Kambini tumechimba choo, sote tukichangia, ingawa mwamba ulitutesa. Maji ya kuoga nayachota jioni nakaa nayo kwenye pipa siku mbili, kwa sababu vile vijidudu havidumu hivyo bila kumpata mtu. Nyavu bado naingia nazo majini, sina namna, kwa hiyo napimwa choo mara kwa mara.

Mwezi uliopita kamera ilikuta mishipa imenywea. Wanangu wadogo watatu walio shule dawa ya kichocho wanapewa darasani. Mwanangu mkubwa, aliyeacha shule akaja kuvua nami, hakuwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Jumatatu nilimpeleka zahanati mwenyewe.