Namna nilipanga vipimo vya beto ku labo yetu Lubumbashi

Niko nafanya kazi ku labo ndogo ya beto (zege) hapa Lubumbashi. Silinda za beto za kujaribu zinatuletewa toka ku mashantie, kule wanajenga, tunazitia ndani ya maji, siku 7 tunavunja tatu, siku 28 tunavunja tatu zingine, tunatoa ripoti. Ni kazi nyepesi kusimulia. Lakini ile namba moja yenye tunaandika chini ya karatasi, ndiyo mtu anaangalia akisema jengo lipande ama lisimame.

Mwaka wa 2023, tarehe 14 mwezi wa sita, walimwaga nguzo nane za jengo moja ku mtaa wa Golf. Plani ilikuwa inaomba megapaskali 25 ku silinda, ni kusema nguvu yenye inaivunja ukigawanya na uso wake. Tarehe 12 mwezi wa saba nikavunja zile tatu za siku 28, prese, mashine ya kuvunja, ikasoma nguvu ya kilonyutoni 548, 531 na 556, nikaingiza ndani ya fishie ya Excel, fishie ikatoa 24,2. Chini ya 25! Nikatuma ripoti saa ile ile, sikuangalia mara mbili.

Kesho yake asubuhi shefu wa shantie akanipigia simu, sauti iko chini kabisa: "Yaya, kweli tubomoe nguzo nane? Juu yake tulishapandisha sakafu." Nikamwambia papa shefu, niachie mpaka kesho, usiguse kitu.

Usiku ule nikabeba kaye, daftari yetu, mpaka nyumbani. Kwetu kila silinda inaandikwa kwanza kwa biki ndani ya kaye, mbele ya kuingia ku ordinateri, na mwenye alitufundisha kazi alikuwa anatulazimisha kupima uzito hata kama hakuna mtu anauliza. Nikasoma mstari wa kwanza: kilo 15,3. Nikasimama hapo. Kyube, umbo lingine la kujaribia beto, ya sentimita 15 kila ubavu, iko na kilo 8 hivi, haiwezi kufika 15 hata siku moja. Basi kile nilivunja ni silinda ya sentimita 16 kwa 32, kweli ni silinda, niliishika na mikono yangu. Sasa ile fishie inagawanya nguvu na nini? Nikafungua formula: 22 500. Milimita mraba za kyube! Fishie ilitengenezwa zamani kwa shantie ya kyube, mimi nikaikopi kwa silinda, nikabadilisha jina la juu tu. Uso wa silinda ya 16 ni 20 106. Nikagawanya upya na kalkilatri ya simu: 27,3, 26,4, 27,7. Wastani 27,1. Beto ilikuwa nzuri toka mwanzo.

Nguzo hazikubomolewa. Nilituma ripoti mpya na barua ya kueleza kosa lilikuwa wapi, juu mtu mwenye alikesha akiwaza kubomoa ana haki ya kujua.

Lakini ona vizuri nini kilituokoa. Kama ndani ya kaye tungekuwa tunaandika megapaskali tu, ile namba yenye imeshapikwa, singeweza kurudi nyuma. Namba mbichi ndiyo iliokoa, pamoja na ule uzito wenye hakuna mtu alikuwa anauomba.

Toka pale nikapanga upya kazi yote. Ndani ya fishie, vile prese, mizani na rula vimesema vinakaa ku tablo yao peke yao, tablo imefungwa, hesabu inafanyika ku tablo ingine. Umbo halichaguliwi na mtu tena: unaandika dayameta ama ubavu wenye umepima, fishie inatafuta uso, halafu inagawanya uzito na ujazo, na kama haikaribii kilo 2 400 kwa meta kyube mstari unageuka mwekundu na ripoti haitoki. Tarehe tunaanza na mwaka, 2023-07-12, juu 03/04 mmoja anasoma mwezi wa nne mwingine anasoma mwezi wa tatu, na siku 28 zinaharibika bila mtu kuona.

Kitu kingine chenye kilinisumbua sana ni koma. Ordinateri yetu iko ya Kifaransa, inataka 15,3. Kijana akiandika 15.3 na nukta, Excel inaona ni maandishi, na wastani wa silinda tatu unafanyika na mbili, kimya, bila kelele yoyote. Nikaweka kizuizi ku kolomu: kama haiko namba, inakataa.

Kisha kolomu ya joto la maji. Kanuni inataka digrii 20, zaidi ama pungufu 2. Hapa kwetu mwezi wa saba usiku baridi inashuka chini ya 10, umeme ukikatika kipasha joto kinazimika, asubuhi unakuta maji yanagandisha mikono. Beto ya maji baridi inachelewa kupata nguvu. Usipoandika joto, utasema simenti ni mbaya, na utamgombeza mtu wa bure.

Mtu akikosea ndani ya kaye, anapiga mstari mmoja juu ya namba, ya zamani ibaki inasomeka, anaandika mpya pembeni na jina lake na tarehe. Hakuna kufuta, hakuna blanko. ISO/IEC 17025, kanuni ya kimataifa ya malabo, nayo inaomba hivyo, ukibadilisha kitu ile ya kwanza ibaki inaonekana. Jioni tunapiga ukurasa foto, moja inabaki ku simu yangu, ingine inaenda ku fleshi yenye inalala nyumba ingine kabisa.

Wiki iliyopita kijana mpya aliniuliza kwa nini anapima uzito na ripoti haiuonyeshi. Nilitoa kaye ya 2023, nikamfungulia ukurasa wa tarehe 12 mwezi wa saba, nikamwambia agawanye mwenyewe.