Komprime ya minyoo peke yake haitoshi

Wiki iliyopita dada yangu aliniita asubui na mapema, sauti inatetemeka, nikakimbia. Katoto kake ka miaka tatu kalikuwa kwenye po, na ndani kuna munyoo mweupe, mnene kama spageti, mrefu kupita kiganja changu, na ungali unajikunja. Jamani nililia. Tumbo lake lilikuwa limevimba tangu siku mingi, anakula vizuri lakini hanenepi, sisi tunasema ni ugali tu.

Muganga akampa albendazole ya 400 mg, mara moja tu, ya kutafuna (mutoto wa mwaka moja mpaka miaka 2 anapewa nusu). Dada akauliza, sasa hii inatoka wapi na maji tunatia klore kila siku? Hapo njo nilijifunza kitu ambacho wamama wengi hapa Goma hatujui: klore inaua kolera, lakini yai la askarisi, njo huyu munyoo mrefu, liko na ganda ngumu sana, klore haiwezi. Moto ndio unaweza, maji yachemke kabisa.

Na munyoo mmoja wa kike unataga mayai kama 200,000 kwa siku! Yanatoka na choo, yanakomaa kwenye udongo wiki mbili tatu, halafu mutoto anashika chini anatia kidole mdomoni, basi. Komprime inaua minyoo ya tumboni, haigusi mayai ya uwanjani. Kama mutoto anarudi kucheza palepale, minyoo itarudi.

Na sisi tunaishi juu ya mawe ya volkano, kuchimba choo ni kupiga jiwe na barmini siku nzima unapata mita moja, kwa hiyo shimo ni fupi, familia tano tunatumia moja, mvua ikinyesha kinajaa na kinamwagika pale watoto wanapochezea. Inaniuma sana wakisema eti mama ni mchafu, ama ni sukari imeleta minyoo. Sukari hailete minyoo, ni mayai.

Sasa dada anaosha lengalenga na maji yaliyochemka, na kucha za mutoto anazikata kila juma mosi. Juma pili wamama wa parsele tunakutana, tunataka watoto wote wanywe dawa siku moja, na bwana wa parsele tumemuomba ainue ukuta wa choo mbele mvua ya mwezi wa tisa ianze.