Ukijikuta unasukuma mbao kwenye thiknesa, zima kwanza

Mafundi wenzangu, leo naongelea thiknesa, ile mashine ya kuranda mbao na kuipunguza unene, na nitaongea kwa urefu kidogo maana hii mashine watu wanaiamini kupita kiasi. Msumeno wa meza unayaona meno yanazunguka pale mbele yako, unauogopa wenyewe bila kuambiwa na mtu, ila thiknesa visu vyake vimejificha ndani, unachoona wewe ni mbao inaingia upande huu imechakaa inatokea upande ule laini inapendeza, basi mtu anazoea, anaanza kupiga stori huku mkono mmoja uko juu ya mashine, anasukuma mbao kwa kiganja, akiona haitoki anainama kuchungulia mdomoni kuna nini. Hapo ndo watu wanapoumia.

Mimi kila anayekuja kujifunza namwambia kitu kimoja kabla hata sijamwonyesha swichi iko wapi: thiknesa haisukumwi. Kazi yako ni kuiweka mbao kwenye kitanda cha mashine na kuipeleka mpaka rola ya mbele iikamate, ikishaikamata toa mikono, rola zitavuta zenyewe mpaka mwisho. Ukijikuta unaongeza nguvu ya mkono ili mbao iende, hiyo ni taarifa, mashine inakwambia kuna tatizo, na tatizo halitibiwi kwa kusukuma zaidi. Umeshusha visu sana, au visu vimekuwa butu, au rola zina utomvu zinateleza, au kitanda kimekauka kinang'ang'ania mbao, au mbao yenyewe bado mbichi. Zima, chomoa waya, tafuta ni kipi.

Angalia hesabu hii uone kwa nini kukwama ni jambo zito. Thiknesa ndogo za mezani ngoma ya visu, ule mhimili unaobeba visu, inazunguka kama mara 8,000 mpaka 10,000 kwa dakika. Chukua yenye visu viwili inayozunguka mara 10,000, hiyo ni mipigo 20,000 kila dakika. Rola zikivuta mita 8 kwa dakika, kila kisu kinapopita kinakula milimita 0.4 tu za urefu wa mbao, ndo maana uso unatoka laini hivyo. Sasa mbao ikisimama sekunde 3 tu, palepale pamepigwa mara 1,000, visu vinasugua badala ya kukata, mbao inaungua inakuwa nyeusi, makali yanapata moto na kuisha. Na wewe saa hiyo uko nyuma unasukuma kwa nguvu zote, ikiachia ghafla mkono wako unaishia kwenye mdomo wa mashine.

Kitu kingine cha kuelewa ni mwelekeo. Visu vinapogusa mbao vinaipiga kuja upande wako, sio kuipeleka mbele, kinachoipeleka mbele ni rola peke yake. Kwa hiyo rola zikishindwa kuishika, mbao inarudi ilikotoka na inarudi kwa kasi. Usisimame nyuma yake moja kwa moja, simama pembeni, na asiwepo mtu mwingine kwenye ule mstari pia. Kwa sababu hiyohiyo usiingize mbao mbili zenye unene tofauti kwa pamoja, ile nene inainua rola na ile nyembamba inabaki haijashikwa na chochote. Mbao fupi nazo hivyohivyo. Mbao lazima iwe ndefu kuliko nafasi ya kati ya rola ya mbele na ya nyuma, la sivyo kuna muda inakuwa imeachwa pale chini ya visu bila mshikaji, inapinduka inapasuliwa vipande. Mashine nyingi ndogo zimeandikwa kwenye kitabu chake kipande kisipungue kama milimita 300, soma cha kwako ufuate. Ukihitaji vipande vifupi randa mbao ndefu kwanza halafu ndo ukate.

Na vidole: usiipokee mbao kwa kushika chini yake karibu na ukingo wa kitanda, rola inapoikandamiza inashuka na kukubana kidole kati ya mbao na chuma. Shika ubavuni. Glavu usivae wakati mashine inazunguka, mikono mirefu kunja, cheni vua, nywele ndefu funga nyuma.

Kabla sijawasha naikagua mbao kwa macho na kwa vidole, hasa iliyotoka kwenye kazi ya zamani. Msumari mmoja uliovunjikia ndani unatia pengo kwenye kila kisu kwa kupita mara moja, na kipande cha chuma kinaweza kukurukia. Pitisha sumaku au kile kifaa cha kutafutia chuma, piga brashi ya waya kutoa mchanga, kwenye ncha kama kuna rangi au mchanga ulioganda kata kabisa. Fundo lililolegea gonga litoke sasa hivi, usisubiri visu vilitoe. Halafu angalia ubavu wa mbao uone nyuzi zinaelekea wapi. Zinatakiwa ziwe zinateremka kwenda kule inakoingilia na kupanda kuja kwako, ukiingiza kinyume visu vinachimba nyuzi badala ya kuzikata, uso unatoka na mashimo mashimo hata kama visu ni vipya. Dakika moja ya kuangalia ubavu inakuokoa msasa wa nusu siku.

Kuna watu wanailaumu mashine bure kwa mbao iliyopinda. Thiknesa hainyooshi mbao. Inachofanya ni kuufanya uso wa juu ulingane na wa chini, basi. Ukiingiza mbao iliyojikunja, rola zinaikandamiza inanyooka kwa muda, visu vinakata, ikitoka inarudi kujikunja vilevile ila nyembamba zaidi. Uso wa kwanza unyooshwe kwa randa ya mkono au mashine ya kunyooshea uso, ndo uje kwenye thiknesa uso ulionyooka ukiwa chini.

Kina cha kukata: milimita 1 hadi 1.5 kwa mbao pana na ngumu inatosha kabisa, ukiipitisha mara ya mwisho nusu milimita. Najua mashine imeandikwa inaweza milimita 3, hiyo ni ya mbao laini yenye upana mdogo. Na ukipunguza punguza pande zote mbili kwa zamu, ukila upande mmoja tu unyevu wa ndani unatoka bila usawa na mbao inakunja usiku. Ili zile ncha zisichimbike mwanzo na mwisho, inua mkia wa mbao kidogo wakati inaingia, na ikitoka inua ule upande unaotokea, au acha ziada ya sentimita 7 hivi kila ncha uje kukata baadaye.

Masikio na pua watu wanadharau sana na mimi inaniuma kweli, kwa sababu haya madhara hayatoi damu. Kelele inayokubalika kwa siku nzima ya kazi ya masaa 8 ni desibeli 85, na thiknesa inapita hapo bila shida, nyingi zinakaribia 100 zikiwa zinakata. Vaa vizibo. Vumbi la mbao, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani IARC liliweka kwenye kundi la kwanza mwaka 1995, yaani vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Maranda unayaona chini unafagia, lile laini linaloelea ndo unalivuta. Barakoa ya vumbi na mashine ya kufyonza kama unayo, na miwani kila wakati.

Bomba la kutolea maranda likiziba utaiona dalili kwenye mbao yenyewe kabla hujafungua kitu: vijishimo vidogo vidogo, ni maranda yamebanwa na rola ya nyuma. Zima, chomoa, subiri ngoma isimame kabisa, toa kwa kijiti, sio kidole. Vile vishimo weka kitambaa chenye maji ya moto juu yake, nyuzi zinavimba vinapungua sana.

Sasa matunzo, ambayo kwangu hayana tofauti na usalama, maana mashine iliyotunzwa haikulazimishi kusukuma. Rola za mpira futa utomvu kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni, usipake petroli wala thina, mpira unaharibika. Kitanda futa kikauke halafu paka nta, ile isiyo na silikoni kwa sababu silikoni ikihamia kwenye mbao vanishi inakataa kushika inaacha vitobo. Paka, acha ikauke, sugua, halafu telezesha mbao kwa mkono mashine ikiwa imechomolewa, utashangaa tofauti. Skrubu za kupandisha na kushusha usimwagie oili nyingi, inakamata vumbi inakuwa tope, tumia kilainishi kikavu. Belti iangalie nyufa, brashi za mota, vile vipande vya kaboni, zikiisha badilisha zote mbili. Waya wa kuongezea usiwe mrefu mwembamba, umeme unashuka mota inapata moto.

Visu vikianza kuwa butu sauti inabadilika, inakuwa nzito, maranda yanageuka unga, mbao inatoka na manyoya au inang'aa ile ya kuungua. Mbao ya tiki inamaliza makali haraka kwa sababu ya silika, madini kama ya mchanga, iliyomo ndani yake. Ukiona mstari mwembamba ulioinuka urefu wote wa mbao, hilo ni pengo kwenye makali, kama nafasi ipo sogeza kisu kimoja kidogo kushoto kingine kikibaki palepale, mstari unapotea.

Kubadilisha: chomoa waya uuweke unapouona, hapa ndo glavu zinavaliwa, ngoma izuie kwa kabari ya mbao. Toa kisu kimoja, weka kingine, ndo uhamie cha pili. Safisha utomvu kwenye kile kitako kisu kinapokaa, chembe ndogo tu inakinyanyua kisu. Ukinoa noa vyote pamoja vibaki na upana sawa, kimoja kikiwa chepesi ngoma inatetemeka na beringi zinakufa. Boliti kaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwanza kidogo zote, halafu raundi ya pili kaza zote mpaka mwisho, halafu zipitie tena hata kama una uhakika. Toa kabari, zungusha ngoma kwa kijiti raundi nzima usikilize kama kuna kinachogusa. Rudisha kifuniko, chomeka, simama pembeni, iache izunguke dakika moja bila mbao, kisha ingiza kipande cha majaribio kwa nusu milimita, pima unene kushoto na kulia. Vikilingana, endelea na kazi.